Ziara na Utalii Chini ya Kibo

Ziara ya siku moja kwenye miteremko ya Kilimanjaro huanza mapema, na sababu ni mawingu. Kibo huonekana vizuri kutoka Moshi mjini alfajiri na tena jua linapokaribia kuzama. Mchana mara nyingi kimeshajifunika, na mgeni aliyechelewa kuamka huonyeshwa wingu na kuambiwa mlima uko nyuma yake. Kwa hiyo gari huondoka mjini mnamo saa moja asubuhi, hufuata barabara ya Himo, hukata kushoto kupanda Marangu, na hadi jioni waliomo wameona lango la hifadhi, maporomoko ya maji, handaki la kale, mhunzi, shamba la kahawa, na mwishowe mti mmoja wa Old Moshi ambao habari zake huwanyamazisha hata waliokuwa na kelele nyingi garini. Safari hii huitwa ziara. Wanaoiuza huiita pia utalii wa kitamaduni. Majina hayo mawili hukaa kwenye bango moja bila kugombana, ingawa hayadai kitu kimoja kwa msafiri.

Kuzuru, katika Kiswahili cha pwani, kulikuwa kwanza kumwendea mtu, au kaburi lake: kaburi la mzazi, la shehe, la sharifu aliyesifika kwa uchaji. Anayezuru ana anayemwendea. Hutoa salamu, husoma dua, huondoka. Ziara ya waziri na ziara ya wanafunzi ni matawi yaliyochipuka baadaye kwenye shina hilo. Kutalii ni jambo jingine. Neno hilo nalo asili yake ni Kiarabu, likiwa na maana ya kuchungua, kupitia jambo kwa macho kama msomaji anavyopitia kitabu. Mtalii, kwa asili ya jina lake, ni msomaji. Na msomaji hadaiwi na kitabu ila kukisoma. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kutwa moja ya kuzunguka Kilimanjaro hulileta waziwazi: je, utakatifu ni sifa ya mahali, ambayo yeyote mwenye macho anaweza kuonyeshwa, au ni deni lililopo baina ya mahali na mtu, ambalo asiye nalo hata akionyeshwa haoni?

Kituo cha kwanza hakina kiingilio. Ni mlima wenyewe, ukitazamwa kutoka chini: Kibo chenye meta 5,895, Mawenzi yenye meta 5,149 na meno yaliyochongoka, na upande wa magharibi Shira, volkano kongwe iliyoporomoka ikabaki uwanda. Mgeni huona kitu kimoja na hukiita kwa jina moja. Wachaga wa zamani hawakuwa na jina la mlima mzima. Walikuwa na Kibo, walikuwa na Mawenzi, na chini ya hapo walikuwa na nchi zao, Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika, Rombo na nyinginezo, kila moja na mangi wake, yaani mtawala wake, na mto wake. Jina Kilimanjaro lilienezwa na misafara ya biashara iliyopita nyikani, na wataalamu hawajakubaliana juu ya asili yake: wengine huligawa kuwa kilima na njaro, wengine husikia ndani yake maneno ya Kichaga yanayosema kuwa msafara umeshindwa. Vyovyote iwavyo, mlima mzima huonwa na aliye mbali. Aliye kihambani, katika shamba la nyumbani la ukoo wake, huona migomba, mfongo, yaani mfereji wa maji, moshi wa jiko la jirani, na juu ya yote hayo, kukiwa kweupe, huona Kibo.

Kuona nako kuna historia yake. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe uking'aa kileleni. Mwongozaji wake aliuita ule weupe kwa neno moja tu, baridi. Rebmann akaandika theluji. Huko London, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa mezani ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hii, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, na ubishi wake ulidumu miaka mingi. Katika watu hao watatu, mwongozaji ndiye aliyesema lililo karibu zaidi na ngozi ya mtu. Yeye alitaja kinachohisiwa, Rebmann akakipa kitu jina lake, na Cooley, ambaye hakuona wala kuhisi, ndiye aliyekuwa na uhakika kuliko wote.

Kwa Wachaga, Kibo kilikuwa na kazi ambayo haikuhitaji mtu abishane kuhusu theluji. Mungu aliitwa Ruwa, jina lililo sawa na jina la jua, wala Kibo hakikuwa Mungu. Lakini aliyeomba alielekea huko. Wafu walizikwa wakielekezwa Kibo, na upande wa juu, ulio upande wa Kibo, ulikuwa wa heshima hata katika adabu ya watu wanaokutana njiani. Vitabu vya wageni huandika kuwa Kilimanjaro ni mlima mtakatifu wa Wachaga. Maneno hayo ni mapana mno, na humfanya msomaji afikirie hekalu lililo kileleni. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni kibla. Kibla huelekewa, hakuna aliyeagizwa kukipanda. Kinachotakatifuzwa na kibla ni kile kilicho huku, mahali mtu aliposimama: sala yake, kaburi la baba yake, njia anayompisha mzee. Petro Itosi Marealle, wa ukoo wa mamangi wa Marangu, alitoa mwaka 1947 kitabu cha Kiswahili alichokiita Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, na jina la kitabu peke yake linatosha kuonyesha jinsi pande hizo mbili zilivyohesabiwa kuwa nchi moja yenye mwelekeo mmoja.

Tofauti baina ya kibla na mandhari imeonekana waziwazi zaidi tangu barafu ianze kuisha. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako juu ya Kibo mwaka 1912 imetoweka. Kwa picha ya kalenda hilo ni msiba, kwa kuwa bila ule weupe picha haina kitu. Kibla hakitegemei rangi. Siku ambayo Kibo kitabaki mwamba mtupu, kaburi lililoelekezwa huko litakuwa bado limeelekezwa huko.

Ndiyo maana pia mlima huu haukuzua ugomvi uliozuka kwingine. Huko Australia, Waanangu waliomba kwa miaka mingi kwamba watu wasiipande Uluru, jabali lililo takatifu kwao, na kupanda kukapigwa marufuku rasmi tarehe 26 Oktoba 2019. Wachaga hawakuendesha dai kama hilo. Hofu ya kilele ilikuwako. Rebmann alisimuliwa habari za watu waliotumwa zamani na mangi wa Machame kwenda kuchunguza kile kilichong'aa, wakafia huko, akarudi mmoja akiwa ameharibika mikono na miguu kwa baridi. Lakini hofu ya kufa si marufuku ya kidini. Mgeni anayekanyaga kilele hakanyagi madhabahu. Anapita mbali na mahali ambapo utakatifu ulikaa, na kwa kawaida hauoni.

Lango la Marangu, zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni kituo cha pili, na ndipo serikali inapoanza. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, ikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987. Sababu iliyoandikwa kwenye orodha hiyo ni ya maumbile: uzuri wa mlima mkubwa uliosimama peke yake juu ya nyika, na kilele chake cheupe. Wachaga, Ruwa, mifongo na makaburi havimo katika sababu hiyo. Inafaa kulinganisha na Fuji, mlima wa Japani wenye meta 3,776, ambao uliingia kwenye orodha hiyohiyo mwaka 2013. Fuji uliandikishwa kama mali ya utamaduni, mahali patakatifu na chemchemi ya sanaa. Yote miwili ni milima ya moto iliyosimama peke yake, yote ina kofia nyeupe inayopendwa na wapiga picha. Mmoja umeandikishwa kwa ajili ya macho, mwingine kwa ajili ya ibada, na tofauti hiyo haikutoka kwenye mawe ya milima. Imetoka kwa walioshika kalamu.

Fuji una jambo jingine la kufundisha kuhusu kazi ya mwongozaji. Katika zama za Edo watu wa mji ulioitwa Edo, ambao leo ni Tokyo, walijiunga katika vyama vya ibada vilivyochanga fedha na kupeleka wanachama wachache kila mwaka kuhiji mlimani. Chini ya mlima walipokewa na watu walioitwa oshi, na oshi mmoja alikuwa kuhani, mwenye nyumba ya wageni na mpangaji wa safari kwa pamoja. Alimlaza hujaji, akamlisha, akamtakasa, akamwombea, kisha akamwelekeza njia ya kupanda. Kwa wasioweza kufika, wakiwamo wanawake ambao hawakuruhusiwa rasmi kufika kileleni mpaka mwaka 1872, vyama hivyo vilijenga mjini vilima vidogo vya mfano wa Fuji, na kupanda kilima hicho kulihesabiwa kuwa ibada. Utalii wa Fuji, wenye mabasi na foleni zake, ulikua juu ya mgongo wa hija. Na umeulemea: mwaka 2024 njia maarufu kuliko zote iliwekewa ada ya yeni 2,000 na ukomo wa watu 4,000 kwa siku, na mji mmoja ulio chini ya mlima ukajenga ukuta wa kitambaa cheusi kuzuia watu kupiga picha ya Fuji juu ya paa la duka. Hujaji hakuhitaji kuzuiwa hivyo, maana hakuja kwa ajili ya picha.

Kilimanjaro kilianza upande wa pili. Mwongozaji hakuwa kuhani; alianza akiwa mtu wa msafara, na msafara ulikuwa wa mgeni. Hans Meyer wa Leipzig alipofika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria tarehe 6 Oktoba 1889, watu wengi walikuwa wamebeba mizigo yao, na Muini Amani wa Pangani aliwangoja katika kambi ya juu, peke yake kwenye baridi. Marangu inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, aliyepewa kazi ya kuwaongoza akiwa kijana na akaishi hadi mwaka 1996. Kama naye alifika kileleni ni jambo linalobishaniwa, kwa sababu kitabu cha Meyer kinataja Wazungu wawili tu. Langoni kuna kumbukumbu ya Meyer, na kuna nyingine ya Waafrika waliomsindikiza. Ziliwekwa mbalimbali, na mgeni husoma moja baada ya nyingine kama vile zinahusu safari mbili.

Majina ya juu nayo yalipandishwa na kuteremshwa. Kilele ambacho Meyer alikiita kwa jina la mfalme wake Wilhelm sasa ni Uhuru. Kibanda cha Bismarck kimekuwa Mandara, kwa jina la mangi wa Moshi. Kibanda cha Peters kimekuwa Horombo, kwa jina la mangi wa Rombo. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni, na Kibo kikapata utakatifu wa aina mpya, wa kitaifa. Inastahili kuangaliwa kuwa mwenge huo haukubaki juu ungojee watu waje. Mbio za Mwenge huuzungusha nchi nzima kila mwaka. Ni hija iliyogeuzwa, ambamo kitu kinachoheshimiwa ndicho kinachowazuru watu.

Leo sheria za hifadhi haziruhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Kazi yake ni ya kuokoa maisha: kupima pumzi ya mgeni, kujua lini amrudishe. Wapagazi, ambao wao kwa wao huitana wagumu, hupita mbio na mizigo kichwani huku wakimwambia mgeni aende polepole. Mahujaji wa Fuji nao walikuwa na kiitikio chao cha kupandia, cha kuomba milango sita ya hisi itakaswe. Kimoja kililinda roho, kingine hulinda mapafu, na huenda anayepanda hatua kwa hatua kwa siku tano hana budi kupata kidogo cha vyote viwili. Serikali iliposema mwaka 2019 kuwa inafikiria kujenga gari la kamba mlimani, waongozaji na wapagazi walipinga kwa kuhofia riziki yao. Hoja yao ilikuwa ya mkate, na ni hoja halali. Hakuna kuhani aliyesimama kutetea hatua za hujaji, kwa sababu mlima huu haukuwa na oshi.

Mwongozaji wa ziara ya kutwa huko chini yuko katika hali ngumu zaidi kuliko wa kileleni, ingawa analipwa kidogo kuliko yeye. Wa kileleni huonyesha mwamba. Huyu huonyesha kwao. Katika maporomoko ya Kinukamori, mwendo mfupi kutoka sokoni Marangu Mtoni, husimulia kisa cha Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa katika zama ambazo kosa hilo lilimaanisha kifo. Alikimbilia ukingoni ajitupe, akabadili nia, akageuka kurudi, akakuta chui amemkabili. Kwa kuruka nyuma kwa hofu akaanguka majini. Kisa husimuliwa kwa ufundi, watu huguna, kisha huvua viatu na kwenda kuogelea bwawani.

Hapa mtu mwepesi wa kulaumu angesema mgeni amekosa adabu. Lakini adabu gani? Hakuna aliyemwambia ni mahali pa kufanyia nini. Kisa chenyewe, kadiri kinavyosimuliwa kwa wageni, kimekwisha kung'olewa kutoka kwenye sheria iliyokizaa, na kimebaki huzuni tamu ya dakika kumi. Zamani mama aliyemsimulia binti yake alikuwa anamwonya. Leo anayesimulia anamburudisha mtu atakayeondoka kesho. Maji ni yaleyale. Hali ni hiyohiyo kwa kisa cha Mawenzi aliyekwenda mara kwa mara kwa Kibo kuomba moto, kila mara akisingizia kuwa wake umezimika, mpaka Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi ana meno. Mtoto wa Kichaga husikia humo somo la ujirani na ulafi. Mgeni husikia maelezo ya umbo la mlima, na huyaweka pembeni mara tu anapoambiwa habari za mmomonyoko.

Mahandaki ya Marangu na Mamba, waliyochimba watu kujificha na ng'ombe wao wakati wa vita vya mamangi na uvamizi wa Wamaasai, huingiwa kwa kuinama na kwa tochi, na mwili wa mgeni hujua jambo ambalo akili yake haijaambiwa. Mhunzi wa Mamba hufua mkuki mbele ya wageni. Ni ufundi wa kweli uliobaki kwa sababu wanunuzi wamebadilika. Kahawa hutwangwa kwa wimbo, hukaangwa, hunywewa. Haichukui saa moja, na historia iliyo nyuma yake ni ndefu: wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakulima walioanzisha chama chao mwaka 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kilichofuata mwaka 1933.

Misheni ndiyo iliyoleta jibu jingine kwa swali la mahali. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, Wakatoliki wakashika Kilema na Kibosho, na leo sehemu kubwa ya watu wa miteremko hii ni Wakristo, pamoja na Waislamu waliopo tangu zama za misafara. Ukristo una mashaka ya zamani kuhusu milima mitakatifu. Katika Injili ya Yohana mwanamke Msamaria anauliza mahali pa kuabudu, kwenye mlima wao au Yerusalemu, na jibu linaviondoa vyote viwili. Lakini Musa aliamriwa kuvua viatu kwa sababu ya ardhi aliyosimama. Uislamu nao una mwelekeo mmoja wa sala na mji mmoja wa hija, na wanazuoni wamebishana karne nyingi kama inafaa kufunga safari kwa ajili ya kaburi la mja mwema. Wakati huohuo Kurani inawahimiza watu mara kwa mara watembee katika ardhi watazame mwisho wa waliowatangulia. Hilo la mwisho ni amri ya kutalii kwa maana ya asili ya neno: kusoma nchi. Dini zote mbili, zikisomwa hivyo, hazikatai kuangalia mahali. Zinamuuliza mwenye kuangalia ameangalia kwa ajili ya nini.

Bruno Gutmann, mchungaji wa Leipzig aliyefanya kazi kwa Wachaga tangu mwaka 1902 hadi 1938, kwa kukatizwa na vita na kufukuzwa kwa Wajerumani, aliona mapema kuliko wenzake kwamba kumwokoa Mchaga mmoja kwa kumng'oa katika ukoo na kihamba chake ni kumvunja. Mengi ya mawazo yake yamezeeka vibaya. Hilo halijazeeka.

Na kihamba ndicho kituo ambacho ziara nyingi hukipita bila kukihesabu kuwa kituo. Gari hupita katikati yake saa nzima. Mgeni huona migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi, miti mikubwa juu ya vyote, mfongo ukipita ukingoni, na hudhani ni njia ya kwendea kwenye cha kuona. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo huu wa kilimo, kwa mfano wa kihamba cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia, na ni kweli kwamba shamba linalolisha watu vizazi na vizazi bila kuchoka ni jambo la kustaajabisha. Hata utambuzi huo uliishia kwenye udongo. Kihamba ni makaburi. Kila ukoo huzika kwenye ardhi yake, na ndiyo maana kihamba hakiuzwi kama kiwanja cha mjini bila watu kuumia. Mpaka wake huoneshwa na masale, mmea ambao jani lake likishikwa na mkosaji anayekuja kuomba radhi ni vigumu mno kumkatalia. Katika desturi ya zamani, muda ukishapita tangu maziko, fuvu la mzee lilifukuliwa likawekwa kihambani, na masale yakapandwa mahali hapo. Tangu hapo mzee alikuwa na makao. Alijulikana yupo wapi, nani anapaswa kumpelekea mbege, pombe ya ndizi, na nani atalaumiwa asipopelekewa.

Kwa kipimo hiki, hija kubwa ya Kilimanjaro haipandi hata meta 2,000. Hufanyika Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza yanapojaa watu wanaokwenda kula Krismasi nyumbani. Aliye na kazi nzuri hurudi na gari, asiye nayo hurudi na mfuko, na asiyerudi mwaka wa pili na wa tatu huanza kuulizwa. Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, makaburi hufyekwa na kupakwa chokaa, misa na ibada hujaa hadi nje, na ndoa na mashamba hujadiliwa na ukoo mzima. Utani wa Watanzania kuhusu safari hii hauna mwisho. Lakini vipande vyote vya hija vimo: muda maalumu, safari ya gharama, watu wanaokutana, wafu wanaoamkiwa, na aibu kwa mwenye uwezo asiyekwenda. Hakuna tiketi wala mwongozaji, maana kila anayekuja anajua anakokwenda.

Hapo swali la mwanzo linapata jibu, angalau kwa mlima huu. Utakatifu wa kihamba hauonekani kwa mgeni kwa sababu hauko katika umbo la migomba. Uko katika kudaiwa. Mjukuu anayesimama mbele ya kaburi lililosakafiwa kwa saruji, akiwa na simu mkononi na mawazo ya foleni ya kurudi Dar, bado anazuru. Profesa aliyesoma kila kilichoandikwa kuhusu Wachaga, akisimama hapohapo kwa unyenyekevu mkubwa, anatalii. Si lawama kwa profesa. Kusoma ni kazi njema, na mwenye kihamba anayempokea kwa chai hafanyi kosa. Kosa hutokea pale mwenyeji anapofundishwa na soko kuliangalia kaburi la babu yake kwa macho ya profesa, akianza kujiuliza kama lina sura ya kutosha kuonyeshwa.

Ziara humalizikia Old Moshi, kwa njia inayopanda kutoka Kiboriloni. Pale Tsudunyi upo mti ambao Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Alikuwa amewashinda Wajerumani kwa vita mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata. Kichwa chake, kwa kumbukumbu ya watu wake, kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, katika zama ambazo makumbusho na maabara za huko zilikusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni kwa maelfu. Kwa watu ambao mzee hupata makao kwa fuvu lake kuwekwa kihambani, mtu aliyechukuliwa kichwa hajamaliza kuzikwa.

Mti huu huvuruga mgawanyo wote uliotangulia. Mzungu anayeteremka garini kutoka Berlin au Leipzig amekuwa mtalii tangu asubuhi, bila kudaiwa kitu, kwenye lango, kwenye maporomoko na kihambani. Hapa, pengine kwa mara ya kwanza kutwa nzima, ana anayemwendea. Hakuchagua hivyo, wala hakumnyonga mtu. Mjukuu wa Desemba naye hakuchagua babu yake. Anayemwongoza, mara nyingi kijana wa hapohapo, hueleza kwa sauti ya kawaida, tarehe na majina, kisha hunyamaza kidogo. Kunyamaza huko hakumo katika bei.

Wataalamu wa Berlin walifanya uchunguzi wa vinasaba kwa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki, wakayalinganisha na ndugu walio hai Tanzania, na mwezi Septemba 2023 walitangaza kuwa wamepata jamaa wa Akida, mmoja wa washauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwamo.